Rola wangu nyumbani wanabiringika vizuri, siku ya kuhesabiwa wanapotelea juu. Nakosea wapi?

Fundi_Kitangiri

Mwangaluka wadau. Nina jambo limenikaa kifuani wiki nzima, naomba wenye uzoefu mnisaidie.

Mimi ni fundi wa injini za boti pale Mwaloni, Kirumba. Nyumbani ni Kitangiri, kule juu kwenye mawe. Njiwa nimefuga tangu darasa la tano, wale wetu wa kawaida. Rola nimeanza nao miaka mitatu iliyopita. Jozi tatu zilikuja kwa basi kutoka kwa mfugaji wa Nairobi, zikazaa, na leo kundi la kuruka lina ndege 24. Kwa asiyewajua, hawa ni njiwa ambao asili yao ni Birmingham, Uingereza. Wakiwa angani hujipindua kinyumenyume mfululizo, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuhesabu, wanashuka mita kadhaa kama kitu kilichokatika kamba, kisha wanafungua mabawa na kupanda tena kwa wenzao. Mara ya kwanza kumwona mmoja akifanya hivyo nilijua amepigwa manati.

Hapa Mwanza tumejikusanya wanne: mmoja yuko Nyegezi, mmoja Igoma, mmoja Buhongwa, na mimi. Tukapanga Jumapili moja ya kushindana. Jaji anapanda bodaboda anazunguka nyumba hadi nyumba, kwa sababu rola huwezi kuwabeba ukawarushie kwa mwenzio, hawatajua pa kutua. Kila mtu anarusha juu ya paa lake mwenyewe. Kanuni tumechukua zile za mashindano ya dunia: kundi la ndege 15 hadi 20, dakika 20 za kuhesabiwa, na hakuna alama mpaka ndege watano au zaidi wabiringike kwa mkupuo mmoja.

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Siku za kawaida nikitoka kazini jioni nawafungulia, wanazunguka juu ya nyumba, napata mikupuo ya sita, saba, majirani wanatoka nje kutazama. Jumapili ile jaji amefika saa nne asubuhi, ameketi kwenye kigoda, kalamu mkononi. Nimefungua. Wamezunguka mara mbili, wakaanza kupanda. Wakapanda. Wakawa kama nzi, wakawa kama vumbi, wakaelekea upande wa kisiwa cha Saanane. Nilihesabu wawili tu waliobiringika, na kila mmoja kwa wakati wake. Dakika 20 zikaisha, karatasi ikabaki nyeupe. Walirudi kutua baada ya saa moja na dakika arobaini. Binti yangu wa darasa la pili aliniuliza, "Baba, wamekukasirikia?" Nikakosa la kumjibu.

Na niliwaandaa jamani. Wiki nzima niliwapa mahindi ya kuparaza, kunde, na unga wa dagaa kidogo ili wapate nguvu. Siku tano za mwisho sikuwarusha kabisa, nikawapumzisha.

Kuna mengine mawili. Nina jike mmoja mweusi mwenye mabaka meupe, tunamwita Kamanga. Huyu anabiringika kwa kina kuliko wote, anashuka hadi usawa wa mnara wa simu wa jirani. Ila akishashuka anachelewa kurudi. Je, ndiye nimtegemee? Na la pili, kuna kinda wa miezi miwili ameanza kujipindua akiwa chini, sakafuni. Shingo inazunguka. Wengine wananiambia huyo atakuwa bingwa kwa sababu ana damu kali ya kubiringika. Naomba maoni.

Mtemi_wa_Musoma

Pole sana fundi. Kabla watu hawajashauri, tupe vipimo. Ndege 24 unawapa chakula kiasi gani kwa siku, kwa kilo, siyo kwa makopo? Wana umri gani? Na hiyo jioni unayosema wanafanya vizuri, unawarusha saa ngapi hasa?

Fundi_Kitangiri

Asante mkuu. Nimekwenda kupima kwenye mizani ya duka la jirani sasa hivi. Kwa siku ni kilo moja na robo, asubuhi nusu yake na jioni nusu yake. Wengi wana mwaka mmoja hadi miwili, sita wana miezi minane. Jioni nawafungua saa kumi na moja na robo hivi, na siku hizo wanakuwa hawajala tangu asubuhi kwa sababu nakuwa kazini.

Babu_wa_Mabatini

Mwanangu, nimesoma maelezo yako mara mbili, na hayo uliyoandika mwisho ndiyo yenye jibu. Nimefuga njiwa miaka 31, rola miaka 14 kati ya hiyo, hapa hapa Mabatini kwenye mawe. Nitakuandikia kwa urefu kwa sababu karatasi nyeupe kama yako nimewahi kuishika.

Ndege wako hawana kosa. Uliwaandaa kama mtu anayemwandaa njiwa wa masafa, yule wa kupelekwa mbali akarudi nyumbani. Yule anahitaji mafuta mwilini ya kumfikisha. Rola tunamtaka akae juu ya nyumba, aruke nusu saa au zaidi kidogo, ageuke mara kwa mara, na kila kundi linapogeuka abiringike. Ukimjaza kunde na mahindi na dagaa, halafu ukamfungia siku tano, umemwekea tanki limejaa na hana pa kulitumia ila juu. Kwa 24 kilo moja na robo ni zaidi ya gramu 50 kwa kila kichwa. Ndege mwenyewe ana uzito wa robo kilo hivi! Mimi kundi langu la 20 linakula gramu 500 hadi 600 kwa siku nzima, yaani gramu 25 hadi 30 kila mmoja, na nawapa mara moja, jioni, baada ya kuruka. Siku zako za jioni zilikuwa nzuri kwa sababu kazi ya Mwaloni iliwafanyia kile ambacho wewe hukukusudia: walikuwa wepesi, wanakumbuka chakula kiko nyumbani.

Ila usichukue maneno ya gramu ukayafanya sheria. Mizani inakupa pa kuanzia, mkono ndio unaokuambia ukweli. Leo usiku, wakiwa wamelala, mchukue mmoja. Mlaze kwenye kiganja cha kushoto, miguu katikati ya vidole, kichwa kikitazama kwako. Pitisha kidole gumba cha kulia juu ya kidari, kwenye ule mfupa wa katikati. Ukikuta mfupa umesimama kama ukingo wa kisu na nyama imeingia ndani pembeni, amekonda, huyo hatakaa juu dakika kumi. Ukikuta mfupa umezama, kidari ni duara kama embe bolibo, amenenepa, huyo ndiye aliyekwenda Saanane. Unayemtaka, kidole kinausikia mfupa wote kuanzia mbele hadi nyuma bila kukukwaruza, na nyama ya pembeni ni ngumu, imejaa, inarudisha ukibonyeza. Na mwili mzima unakuwa mwepesi kuliko macho yalivyotarajia. Washike kumi usiku huo huo, utaanza kuhisi tofauti mwenyewe. Nilikuwa nashika kila usiku kwa mwaka mzima mpaka mke wangu akawa ananiwekea taa kwenye banda bila kuombwa.

Nafaka sasa. Sisi Usukumani tuna bahati, mtama upo kila gulio. Mtama ni chakula chepesi, una wanga mwingi na nguvu yake haikai. Ndege wakila mtama kwa siku tatu nne wanatulia, hawapandi sana, wanabiringika mara nyingi. Ngano inajenga, inawapa uimara. Choroko, dengu, kunde na njegere kavu ni chakula kizito, kinafaa kwa wazazi wenye makinda na ndege wanaobadilisha manyoya. Kwa kundi la mashindano nakitumia kama chumvi. Mahindi kwa kundi la kuruka siwapi kabisa. Dagaa waachie kuku.

Kuhusu saa nne asubuhi. Wewe unaishi kwenye mawe kama mimi, kwa hiyo utanielewa haraka. Jua likishaanza kupiga yale majabali, ukiweka mkono juu yake saa nne tayari ni ya moto. Hewa ya juu yake inapata joto, inapanda, na ndege akiingia mle anabebwa. Akibebwa hapigi mabawa kwa bidii, na asipopiga mabawa habiringiki, anaelea tu kama mwewe. Hapo ongeza upepo wa kutoka ziwani ambao unaanza kushika nguvu jua likipanda. Asubuhi na mapema hewa imetulia. Mimi siku ya kuhesabiwa naomba jaji afike kwangu saa moja na nusu, au basi saa kumi na moja jioni kama wewe. Tena kwako chini kuna Mwaloni. Mwewe wakishakusanyika pale kwa ajili ya samaki, wanatanda mpaka juu ya Kitangiri, na ingawa mwewe siyo mwindaji wa rola, kundi likimwona linabana na kupanda. Wa kuogopwa ni kipanga, huyo anachukua.

Sasa nikueleze jinsi alama zinavyokwenda, maana naona bado unatazama ndege mmoja mmoja. Katika kanuni mlizochukua, mkupuo wa ndege 5 hadi 9 kila mmoja ni alama moja. Wakiwa 10 hadi 14, kila mmoja ni mbili. 15 hadi 19, tatu. Wote 20 wakienda pamoja, tano tano. Kila anayehesabiwa lazima ashuke angalau futi 10, karibu mita tatu. Mwisho jaji anachukua jumla, anazidisha kwa namba ya ubora, kati ya 1.0 na 2.0, kisha kwa namba ya kina, nayo kati ya 1.0 na 2.0. Kundi lenye jumla ya 120, ubora 1.4 na kina 1.3, linapata 218.4. Kwa hiyo ndege mmoja akishuka hata mita kumi na tano peke yake hana alama. Wenye alama ni wale saba wa kawaida waliogeuka pamoja kwenye kona, wakashuka mita nne safi, wakarudi haraka wakawa tayari kwa kona inayofuata.

Ubora ni nini? Simama uwatazame kwa ubavu. Ndege anayezunguka vizuri unamwona kama gurudumu dogo la cherehani, duara, na katikati kuna kama tundu. Mbaya unaona mabawa yanapigapiga, anayumba, anatoka kama karatasi inayoanguka. Wa namna hiyo mtoe hata kama anabiringika mara mia.

Nimefika kwa Kamanga. Mwanangu, hapa nisikilize kwa makini.

Nilikuwa na dume jekundu. Watu walikuwa wanapanda mpaka kwangu kutoka barabarani ili kumwona. Kila mwezi alikuwa anashuka zaidi. Mwanzoni mita tano, baadaye nane, ikafika siku anafungua mabawa juu kidogo ya mabati, na mimi napiga makofi. Alikuwa anachelewa kurudi kundini, kama huyo wako, na nilimwona anachelewa nikamsamehe kwa sababu nilimpenda. Asubuhi moja ya mwaka 2014, mwezi wa nane, alianza kubiringika juu ya mwembe wa jirani na hakufungua. Nyuma ya nyumba yangu kuna jiwe kubwa watoto wanaanikia nguo. Nilisikia kabla sijaona. Nilipomwokota bado alikuwa wa moto, punje za mtama nilizompa jana yake bado nazihisi shingoni kwa kidole. Lile jiwe sikuliweza kulitazama kwa muda mrefu.

Ndege akianza kuongeza kina na kuchelewa kurudi, anakuambia kwamba hawezi tena kujizuia. Mtoe kwenye kundi leo. Usimchinje, usimwuze kwa mtu atakayemrusha. Mpe mume anayebiringika kwa ufupi, safi, anayerudi kundini upesi, uone makinda yao. Usimpe dume mwenye kina kama chake, utazalisha wa kugonga mawe.

Na kundi lenyewe: wachague 20, usirushe 24. Ukitoa ndege anayechelewa na yule anayeruka pembeni, utashangaa waliobaki wanavyoshikana. Walaze kwenye kasha lenye giza, lenye hewa, kila mmoja au wawili wawili, madume mbali na majike. Kwenye mwanga wanapigana na kubembelezana mchana kutwa, nguvu yote inaishia humo.

Wiki yenyewe mimi naiendesha hivi, na ni kwa damu ya ndege wangu, wako wanaweza kudai tofauti. Hadi Jumanne nawarusha kila siku, chakula nusu ngano nusu mtama. Jumatano wanaoga, beseni nawawekea saa tano jua likiwa zuri, hawaruki. Jumatano na Alhamisi mtama karibu mtupu. Ijumaa asubuhi nawarusha, nikiona dakika ishirini na tano wanashuka wenyewe, nafurahi. Ijumaa jioni na Jumamosi napunguza mtama, naongeza ngano, na kiganja kimoja cha choroko kwa kundi zima. Jumapili wanaruka kabla ya kula. Maji sikatazi kamwe, Mwanza hii ni ya joto.

Nunua daftari. Andika siku, chakula, upepo unatoka wapi, mkupuo mkubwa ulikuwa wa wangapi, walikaa juu dakika ngapi. Baada ya miezi miwili daftari litakushauri kuliko mimi.

Kuhusu kinda wa sakafuni, mimi napata wasiwasi. Mwenye taaluma aseme.

Mama_Mifugo_Magu

Shikamoo babu. Fundi, habari za kazi.

Kinda huyo mtenge sasa hivi, kabla ya kumaliza kusoma. Rola mzima, akiwa chini, anasimama wima, anadonoa punje na kuipata. Kuna njiwa wa aina nyingine ambao huzalishwa kwa ajili ya kubiringika ardhini, lakini wako siyo hao. Mwangalie mambo haya: akidonoa anakosa punje, mdomo unagonga pembeni? Shingo inapinda upande mmoja au kichwa kinageuka kutazama juu, hasa ukimshtua? Kinyesi ni maji mengi yenye kinyesi kidogo katikati? Ukijibu ndiyo kwa mawili kati ya hayo, ninashuku virusi vya jamii ya mdondo, ile aina inayoshika njiwa. Ndugu yake ndiye anayeua kuku wetu, na kwa njiwa virusi hivi vinapenda kushambulia mishipa ya fahamu, ndiyo maana shingo inazunguka. Watu wengi wanaona hivyo wakasema ni damu ya kubiringika.

Dawa ya kuua virusi hivyo hakuna. Weka kinda kwenye boksi peke yake, chakula ukimwekea kwenye chombo chenye kina ili akikosa punje moja apate nyingine, maji karibu, mbali na kuku wa nyumbani na wa jirani. Baadhi hupona kwa wiki kadhaa, wengine hubaki na kichwa kinachotikisika. Osha vyombo vya maji kila siku, ondoa kinyesi, na ukimaliza kumhudumia osha mikono, usijisugue macho, maana vinaweza kukuletea macho mekundu. Kundi zima lisiruke na usimpe wala kumwuzia mtu ndege mpaka umpate daktari wa mifugo wa kata yako akawaona. Yeye ndiye atakayekuambia kuhusu chanjo ya walio wazima.

Ukiwa umewakamata, wafungue midomo pia uangalie kooni kwa tochi. Ukiona utando wa njano kama jibini, huo ni ugonjwa mwingine na una tiba, lakini kipimo cha dawa akupe daktari, usikate vidonge vya watu kwa kukisia.

Mshale_Bukoba

Babu nimekuelewa sana, ila kwa haraka zaidi kuna njia ninayoitumia. Siku mbili kabla ya kurusha siwapi chakula chochote, maji tu. Wanabiringika kama wamewekwa umeme na wanatua mara moja nikipiga kopo.

Babu_wa_Mabatini

Mwanangu wa Bukoba, usifanye hivyo tena. Nakuambia kwa upendo. Ndege mwenye njaa ya siku mbili anabiringika kwa sababu amedhoofika, na aliyedhoofika hana nguvu ya kujizuia akishaanza. Hao ndio wanaogonga. Anatua haraka kabla ya dakika 20, na wakitua mapema umejimalizia shindano mwenyewe. Halafu kipanga akitokea hana pa kukimbilia kwa sababu mabawa hayana kitu. Kopo la kuwaita ni zuri, mimi pia natikisa kopo la maziwa lenye mtama na kupiga mluzi, lakini wafundishe tangu wana wiki tano sita, wanapoanza kutoka kwenye kizimba cha juu ya paa, na kila mara wakiingia wakute chakula kweli. Kopo lisiwadanganye.

Mshale_Bukoba

Nimekupata babu. Mwezi uliopita nilipoteza watatu kwa kugonga na nilijua ni upepo. Naacha.

Fundi_Kitangiri

Wakubwa, ni wiki saba zimepita, nimerudi kutoa taarifa.

Dada wa Magu, Mungu akubariki. Shingo ilikuwa inapinda na alikuwa anakosa punje kabisa. Nilimtenga usiku ule ule. Daktari wa mifugo alikuja, akasema kama ulivyosema, tukafunga banda wiki nne, hakuna kuruka, na walio wazima wakachanjwa. Kinda alikufa siku ya sita. Hakuna mwingine aliyeugua. Binti alimzika nyuma ya banda na akaweka jiwe.

Babu, shikamoo. Nilishika ndege kumi usiku kama ulivyoagiza. Nane walikuwa embe bolibo. Sikuwahi kujua kwamba nilikuwa nawanenepesha kwa mikono yangu nikidhani nawatunza. Nimeshusha hadi gramu 540 kwa ndege 20, mtama wa kutoka gulio la Kisesa na ngano. Tulipofungua banda walikuwa wamesahau kidogo, siku mbili za kwanza walikuwa wanatua juu ya mwembe. Siku ya tisa nikaanza kuona wanashikana.

Kamanga nimemtoa. Ilinichukua siku tatu, nilikuwa namshika kila jioni nikimrudisha kwenye kasha la kundi, siku ya tatu nikampeleka kwa dume la kijivu linaloshuka mita tatu tu na kurudi kama risasi. Jana ametaga yai la kwanza.

Jumapili iliyopita tulirushiana tena. Nilimwomba jaji aanze kwangu, akafika saa moja na dakika ishirini, ziwa limelala kama kioo, mwewe hata mmoja hakuna. Nimefungua, wamezunguka juu ya mnara wa simu, hawakupanda sana, nilikuwa naona rangi za kila mmoja. Dakika ya nne, kwenye kona ya upande wa ziwa, watano wakaenda pamoja. Nilisikia jaji akisema "tano" kwa sauti na mikono yangu ikaanza kutetemeka. Baadaye sita, tano tena, na dakika ya kumi na saba wakaenda saba. Jumla 23. Ubora akanipa 1.2, kina 1.1. Nimepata 30.36. Nimekuwa wa tatu kati ya wanne, aliyeongoza ni wa Igoma.

Ile karatasi binti ameibandika ukutani juu ya kitanda chake.

Swali langu babu: kwenye daftari naona siku zote nne nilizopata mkupuo wa saba na zaidi, jana yake upepo ulikuwa wa kutoka nchi kavu na niliwapa ngano nyingi kuliko mtama. Wewe ulisema mtama ndio unaowatuliza. Ni ndege wangu wanadai tofauti, au nimepima vibaya? Nikupigie picha kurasa nizitume hapa?

Babu_wa_Mabatini

Usitume picha. Njoo nalo daftari Jumamosi saa kumi, upitie njia ya juu kwenye mawe kwa sababu ya chini wanachimba mtaro. Mlete na binti.